Laini Yenye Mwenyewe

Boaz hakuwa na kawaida ya kumsemesha mkewe kwa Kiswahili. Kiswahili kilikuwa cha sokoni, cha kanisani na cha kubishana na wenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kule machimboni. Wakiwa nyumbani kwao Masumbwe waliongea Kisukuma, na hata ugomvi wao, ambao haukuwa haba, ulikuwa wa Kisukuma. Kwa hiyo Alhamisi ile, saa sita na nusu mchana, simu ya Asteria ilipoita kwa namba ya Zambia na sauti ya mumewe ikasema, "Habari za mchana, Asteria. Mtoto amezaliwa?" alishtuka. Alishtuka kidogo tu, kama mtu aliyeona kiatu cha mgeni mlangoni. Akajiambia kwamba mwanamume akikaa ugenini anabadilika ulimi, akajibu.

"Amezaliwa Jumapili. Wa kiume. Nimekupigia siku nne hupatikani."

"Nilikuwa chini," sauti ikasema.

Boaz alikuwa ameondoka mwezi wa tano na rafiki yake Amosi. Duara walilokuwa wakichimba lilikuwa limejaa maji, na mwenye duara hakuwa na pampu wala nia ya kuitafuta, ndipo ikaja habari ya dhahabu mpya kule ndani ya Zambia, na habari ya dhahabu ikiingia Masumbwe hailali. Wakapanda basi Kahama mpaka Tunduma, wakavuka kwa miguu. Siku hiyo hiyo alimpigia mkewe kwa namba ngeni, akicheka.

"Andika hii, ndiyo ya kunipata," alimwambia, na hayo yalikuwa ya Kisukuma safi. "Ile yangu nikivuka inameza vocha kwa salamu moja. Nimenunua laini hapa mpakani. Hata dakika tano hazikufika."

"Bila pasipoti wamekusajilije?"

"Imeshasajiliwa. Ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Nitajuaje? Mradi hajanidai." Akacheka tena, na Asteria akacheka naye, maana alikuwa na mimba ya miezi minane na kicheko cha Boaz kilikuwa kitu pekee kilichomfanya asahau mgongo.

Sasa, kwao Boaz kuna desturi moja. Jina la mtoto wa kwanza hutoka kinywani mwa baba na kuingia sikioni mwa mtoto kabla mtu mwingine yeyote hajalisikia. Watu wengine waliomo chumbani hugeuza nyuso. Mpaka siku hiyo mtoto huitwa Mgeni, hatolewi uani, wala hapelekwi kubatizwa. Baba akiwa safarini, anangojwa. Babu yake Boaz aliwahi kungojwa miezi saba, na huyo mtoto wake akaitwa Mgeni mpaka anaota meno. Boaz hakutaka mambo hayo. Kabla ya kuondoka alimwambia mama yake, Bernadina, kwamba jina atalitoa kwa simu, kwa kuwa simu siku hizi ndiyo mdomo. Bernadina alinung'unika siku mbili, siku ya tatu akakubali. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na hakuwahi kumshinda kwa lolote.

Kwa hiyo sauti iliposema, "Niwekee mtoto sikioni," hakuna aliyeshangaa. Bernadina aligeukia ukuta, rozari mkononi. Asteria akaiweka simu kwenye sikio dogo la mtoto aliyekuwa akilia tangu asubuhi, kilio cha mtoto mwenye afya, cha kuudhi na kufurahisha kwa pamoja. Naye akageuza uso. Hakusikia jina. Alisikia maji yakidondoka, tone, tone, kama kisimani, na juu ya maji hayo mnong'ono mrefu, mrefu kuliko jina lolote analolijua, na katikati ya mnong'ono huo mtoto akanyamaza. Hakunyamaza polepole kama watoto wanavyobembelezeka. Kilio kilikatika.

"Nimempa," sauti ikasema.

"Umempa jina la nani? La baba yako?"

"Atakuambia mwenyewe."

Asteria alicheka, kwa kuwa Boaz alipenda utani. Simu ikakatika.

Tangu mchana ule mtoto hakulia tena. Mara ya kwanza majirani walimsifia: mtoto mpole, mtoto hasumbui, Mama Mgeni umebahatika. Siku ya tatu Asteria aliona jambo jingine. Mtoto alikuwa na njaa. Alikunja uso, akafumba macho, akafungua kinywa mpaka ufizi wote ukaonekana, kifua kikapanda na kushuka, machozi yakamtoka, na hakikusikika kitu. Alikuwa analia. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote, na kilio hicho hakikuwa mle chumbani.

Zahanati walimpima, wakasema koo ni zima na mapafu ni mazima. Uzito tu unashuka, anyonyeshwe zaidi. Nesi alikuwa mwema, alimshika Asteria bega. Asteria akarudi nyumbani, akamnyonyesha, na mtoto akanyonya kama mtu anayemnywea mtu mwingine, maana hakushiba wala hakunenepa.

Na kila mchana, saa sita na nusu, wakati jua liko utosini na kivuli cha mtu kimejificha chini ya nyayo zake, simu iliita. "Habari za mchana, Asteria. Niwekee mtoto." Na Asteria alimwekea. Utasema ni mjinga. Ngoja kwanza uolewe na mtu umpendaye, aende nchi za watu, ubaki na sauti yake dakika tatu kwa siku. Alijua kuna kitu hakiko sawa. Alijua tangu neno la kwanza. Lakini ilikuwa sauti ya Boaz, ule mkwaruzo wake mwisho wa neno ulikuwa ule ule, na Asteria alikuwa na hamu naye kiasi cha kuumwa.

Wiki ya pili ikaanza harufu. Ilitoka utosini mwa mtoto, pale panapodunda. Watoto wachanga wananukia maziwa, lakini huyu alinukia duara. Asteria aliijua harufu hiyo kwa miaka mitatu ya kufua nguo za mchimbaji: udongo wa chini usiowahi kuona jua, maji yaliyolala, moshi wa baruti uliokosa pa kutokea. Alimwogesha mara mbili, mara tatu. Harufu ilikuwa inatoka ndani.

Siku hiyo simu ilipoita hakungoja. Alisalimia yeye kwanza, kwa Kisukuma, "Mwadila," salamu ambayo hata mtoto wa miaka miwili huijibu bila kufikiri. Kimya. Tone la maji. Tone. Ikapita kama nusu dakika, na Asteria akasikia upande wa pili mtu akivuta pumzi karibu sana na simu, si pumzi ya mtu mmoja, ni ya wawili, mmoja akivuta na mwingine akizuiwa, kama mtu aliyezibwa mdomo na kiganja.

"Habari za mchana, Asteria," sauti ikasema. "Niwekee mtoto."

Simu ilimponyoka ikaanguka sakafuni. Lakini haikukatika, na mtoto kitandani, wa siku kumi na tano, asiyeweza hata kushika shingo, aligeuza kichwa kuielekea.

Amosi alikuja Jumatatu iliyofuata, saa tano, akitokea stendi moja kwa moja, viatu vimejaa vumbi la Zambia na la Tanzania. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alikuwa na begi la Boaz mapajani. Bernadina alipoliona begi akaketi chini, pale pale.

"Shikamoo, mama," Amosi akasema. "Shemeji." Kisha akawa anafungua zipu na kuifunga.

"Sema," Bernadina akamwambia.

"Duara lilikatika, likamfukia Boaz. Maji yaliingia kwa upande. Tulichimba siku tatu kumtafuta, mama, naapa, mpaka mikono ikatoka damu. Wenye duara wakatufukuza, wakasema na sisi tutazikwa. Namba yenu ilikuwa kwenye simu yake, na simu yake, aliyoiacha kambini, haina chaji, na nikasema habari kama hii siwezi kuileta kwa simu. Nimekuja mwenyewe."

"Lini?" Asteria aliuliza. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa.

"Jumanne ya tarehe kumi. Wiki tatu kesho."

Asteria alihesabu, ingawa hakukuwa na haja. Jumapili alizaa. Jumanne. Alhamisi ndiyo siku mtoto alipopewa jina.

"Tumeongea naye jana," akasema.

Amosi hakuelewa. Alitoa simu ya Boaz, imefungwa ndani ya shati, akaiweka juu ya stuli. Kioo kilikuwa cheusi. Ilikuwa inakaribia saa sita na nusu, na wote watatu walikaa wakiitazama bila kujua kwa nini, Bernadina ameshika shati la mwanawe puani, mtoto mgongoni mwa Asteria akifungua kinywa na kukifumba. Simu ya Asteria ikaita. Namba ilikuwa ile ile, iliyo ndani ya simu iliyozima hapo mbele yao. Amosi alitazama kioo cha simu moja, akatazama cha nyingine, akafungua mfuniko wa nyuma kwa kucha, akatoa betri, akatoa laini yenyewe, kijiplastiki kidogo cheupe, akakiweka peke yake juu ya stuli, na simu ya Asteria ikaendelea kuita, ikaita mpaka ikachoka, ikaanza upya.

"Laini hii," Amosi akanong'ona. "Mimi nilikuwepo akiinunua, shemeji. Kuna mama pale Nakonde, ukishavuka tu mpaka, anauza chini ya mwavuli. Boaz alikuwa na ile karatasi ya dharura ya kuvukia mpaka tu, hana pasipoti. Yule mama akamuuliza, 'Unataka mpya au yenye mwenyewe? Mpya ni pasipoti na kungoja. Yenye mwenyewe unaondoka nayo sasa hivi.' Boaz akasema nipe yenye mwenyewe, nina mke mjamzito anataka kujua nimefika. Akamtania, 'Na mwenyewe akija kuidai?' Yule mama hakucheka. Akasema, 'Haji. Anapiga tu.'"

"Akapiga?"

"Hata hatujaondoka pale. Boaz hajampa mtu namba, simu ikaita. Akaipokea. Nilimsikia akiitikia, 'Naam. Naam. Nimefika.' Nikamuuliza nani, akasema mtu kakosea namba. Lakini tangu siku ile alikuwa akipigiwa kila mchana, na akishapokea anakuwa mnyonge. Nilimwambia aitupe. Akasema siwezi, mke wangu anayo namba hii tu, ataijuaje nyingine mtoto akizaliwa."

Asteria hakulia. Alikuwa ameweka mkono nyuma, kwenye mguu wa mtoto, na mguu ulikuwa baridi.

Bernadina, mwanakwaya kwa miaka thelathini, ndiye aliyesema aitwe Nyamizi, mganga wa Kharumwa. Nyamizi alikuja kesho yake kwa bodaboda, mwanamke mzee mfupi mwenye kofia ngumu kichwani na kikapu cha dawa kwapani, akamlipa dereva, akagombana naye kwa mwendo wake wa kasi, ndipo akavua kofia na kuingia. Alimnusa mtoto utosini.

"Kinaitwaje hiki?" Bernadina aliuliza.

"Hakina jina, ndiyo maana kinatafuta majina ya wenzake. Hakina miguu pia. Kinatembea kwa kuitikiwa. Mtu akikiitikia, kinapata njia. Mwenye laini aliitikia, akafa. Mumeo akaitikia, akafa. Mtoto hajui kuitikia, kwa hiyo mlimwitikia nyinyi, mlipokiweka kwenye sikio lake."

Asteria aliinamisha kichwa. "Nikiichoma laini?"

"Utachoma mlango mtoto akiwa upande ule. Sauti yake iko huko, na yeye mwenyewe anafuata kidogo kidogo." Nyamizi alimshika kidevu, akamwinua uso. "Sikiliza, binti. Leo utapokea mara ya mwisho. Husemi haloo, husemi naam, hujibu swali. Unasema maneno mawili. La kwanza unamwambia mumeo kwamba amekufa, maana mtu aliyekufa ghafla hajui mpaka aambiwe na wa kwake, na asipojua anashikiwa mdomo wake na kutumiwa. La pili ni jina la mtoto. Baba hayupo, litoke kwako. Kisha unakata."

"Na Boaz?"

"Atabaki huko."

"Na yeye anateseka? Yuko nacho?"

Nyamizi akafungua kikapu chake cha dawa. "Ukishakata, hakiondoki papo hapo. Kitakaa mlangoni, kitasikiliza kama kuna wa kukiitikia. Mpaka vivuli vitoke chini ya miguu yenu, mtu wa nyumba hii asikiitikie kwa neno lolote. Umesikia, mama?"

"Nimesikia," Bernadina akasema. Na alisikia kweli, kwa kuwa alitoka uani kumwonya Amosi na jirani mmoja, neno kwa neno, kisha akakaa kwenye mkeka pale nje ya mlango akiwapa mgongo, kama desturi ya jina inavyotaka.

Nyamizi alipaka masikio ya mtoto dawa nyeusi, akamweka mapajani. Laini ilikuwa juu ya stuli, imezungushiwa unga wa mtama. Saa sita na nusu simu ikaita, na Asteria akaipokea.

"Habari za mchana, Asteria. Niwekee mtoto."

Alinyamaza. Maji yalidondoka. Sauti ilirudia, ikarudia tena, ikamwita mke wangu, ikamwita mpenzi, maneno ya Kiswahili ambayo Boaz angeona aibu kuyatamka, ikamuuliza kama hajambo, kama amekula, kama bado anampenda, na kila swali lilikuja taratibu na kungoja jibu, na Asteria aliuma mdomo mpaka akaonja chumvi. Kisha akasema, kwa Kisukuma, lugha ambayo walipendana nayo, kwamba Boaz amekufa.

Maji yakaacha kudondoka.

"Nani kasema?" Ilikuwa sauti ile ile, lakini sasa ilikuwa ya Kisukuma, ya kukwaruza, ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Asteria? Ni wewe? Mbona huku giza hivi? Nimekuita weee, kuna mtu ananiziba mdomo. Umejifungua?"

Machozi yalimtoka Asteria yakaingia kwenye simu.

"Umejifungua salama? Wa kike au wa kiume? Niambie basi. Asteria, si useme."

Alikuwa hajui. Siku zote hizo alikuwa hajui kama ana binti au mwana. Asteria alimtazama Nyamizi, na Nyamizi akatikisa kichwa, hapana, na mtoto mapajani mwake alikuwa amegeuza shingo kuielekea simu, kinywa wazi, midomo imeanza kuwa ya buluu.

"Jilala," Asteria akasema.

Kisha Boaz akacheka, kile kicheko chake. "Jina la baba," akasema. "Jilala. Kumbe wa kiume." Akalirudia kama mtu anayepima kitu mkononi. Halafu, kwa sauti ya chini, "Usikate. Asteria, usikate, baridi."

Akakata.

Kilio kikajaa chumba. Kilikuwa kikali, kibichi, cha hasira ya wiki tatu, na mtoto alipiga mateke mpaka akamwaga unga wa mtama, uso ukawa mwekundu, na Nyamizi akafumba macho kwa kuridhika na kuweka kidole mdomoni: nyamazeni, bado. Nje majirani walisikia, mmoja akaanza kupiga vigelegele, Amosi akamziba mdomo.

Bernadina aliingia mbio, akapiga magoti mbele ya mkwewe. Hakumtazama mjukuu. Alitazama simu.

"Alikuwa yeye?" akanong'ona. "Mwanangu mwenyewe?"

Asteria akaitikia kwa kichwa.

"Aliniulizia?"

Hakuwa amemuulizia. Muda ulikuwa mdogo, na alikuwa gizani, na alikuwa na swali moja tu. Lakini yule mama alikuwa amepiga magoti, rozari imemzunguka vidole, macho yamemtoka kwa kungoja, na Asteria, aliyekuwa ametoka kumnyima mumewe neno moja la mwisho, hakuwa na nguvu ya kumnyima na huyu. Alisahau saa. Alisahau kwamba kivuli chake kilikuwa bado chini ya nyayo.

"Amekusalimia, mama," akasema kwa upole. "Amesema shikamoo."

Uso wa Bernadina ukalainika. Miaka ishirini na saba alikuwa ameijibu salamu hiyo kwa kinywa hicho hicho, asubuhi na jioni, na neno likatoka lenyewe.

"Marahaba, mwanangu."

Nyamizi alifumbua macho. Chini, juu ya mapaja yake, Jilala alikuwa bado amekunja uso na kufungua kinywa, machozi yakimtiririka, kifua kikipanda na kushuka, na chumba kilikuwa kimya.